Matusi Yasiyo na Mwenyewe: Mwanamke, Simu na Utamaduni Wetu

Utangulizi

Kila jamii ina desturi zake za kutukanana. Neno hili huenda likamshangaza mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba utamaduni ni ngoma, mavazi, vyakula na hadithi za wazee. Lakini wazee wetu walijua kwamba ulimi wa binadamu una sumu, na badala ya kujifanya kwamba sumu hiyo haipo, waliitafutia chombo cha kuitunzia. Chombo hicho ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Leo hii ni watani. Mhehe akikutana na Mngoni ndani ya basi, aweza kumtolea maneno ambayo yangetoka kinywani mwa mtu mwingine yangezaa ugomvi. Abiria hucheka, anayetaniwa hucheka, kisha naye hujibu.

Yafaa tuyaangalie masharti ya desturi hiyo. Sharti la kwanza ni kwamba mtani hutania usoni, naye hujulikana ni nani na ni wa wapi. Sharti la pili ni kwamba anayetaniwa ana haki ya kujibu kwa kipimo kile kile. Sharti la tatu, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba mtani ana deni: siku ya msiba hutazamiwa afike, ashike kazi za mazishi, na awachekeshe wafiwa ili huzuni isiwaelemee. Kwa maneno mengine, tusi la utani lina mwenyewe, lina jibu, na lina wajibu.

Katika makala hii tunakusudia kueleza habari za tusi la namna nyingine, yaani lile linalorushwa kwa simu dhidi ya wanawake. Tusi hilo halina mwenyewe, halina jibu, wala halina wajibu. Tutaonyesha jinsi linavyoingia kati ya mtu na mchumba wake, na jinsi linavyoharibu mjadala wa taifa letu juu ya usawa wa wanawake na wanaume. Hoja yetu ni moja: matusi haya hujivika vazi la mila, lakini si mila, na jamii inayoyakubali hupoteza uwezo wake wa kuulizana na kujibiana.

Mahali tunapoandikia

Sisi tunaoandika haya tunaishi Chimala, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Chimala ni mji mdogo wa njiani. Barabara kuu iendayo Zambia inapita hapa, na reli ya TAZARA inapita hapa. Kusini yetu unasimama ukuta wa milima, na barabara ya kupandia Matamba inajulikana kwa kona zake hamsini na saba. Kaskazini umetandaa uwanda wa Usangu na majaruba yake ya mpunga. Kwa sababu hiyo watu wetu ni wa makabila mengi: Wasangu, Wanyakyusa, Wabena, Wahehe, Wakinga, Wasafwa, na Wasukuma waliofuata malisho. Mji kama huu hauwezi kukaa kwa amani bila ya utani, nasi tumeishi nao sokoni, kilabuni na kwenye foleni ya mashine ya kukobolea.

Simu zilipoanza kuenea tulizipokea kwa furaha. Mkulima aliweza kuuliza bei ya mchele Mbeya na Makambako kabla ya kumkubalia mchuuzi; mama aliweza kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam bila ya kupanda basi. Hata leo hatuna neno baya juu ya chombo chenyewe. Lakini katika miaka hii ya karibuni, pamoja na bei za mchele, simu zimeleta vijiweni msamiati mpya. Tunasikia vijana wa bodaboda wakisema "kataa ndoa", wakieleza kwamba ndoa ni utapeli. Msichana anayeomba msaada wa fedha huitwa mdangaji. Mama anayelea watoto peke yake huitwa "singo maza" kana kwamba ni jina la ugonjwa. Anayepokea nauli kisha asifike hufanywa mfano wa wanawake wote. Maneno haya hayakuzaliwa Chimala. Yamefika yakiwa yamekwisha pikwa, katika picha, vichekesho na sauti zilizorekodiwa, na aliyeyapika hajulikani.

Mambo tuliyoyaona

Tutaje kwanza habari ya kijana mmoja tunayemfahamu, mwendesha pawatila. Kijana huyu alikuwa amekwisha peleka posa na kulipa sehemu ya mahari. Yeye na mchumba wake walikodi jaruba kwa pamoja. Kijana alilima na kusawazisha. Binti alishinda majini akipandikiza miche, mgongo umeinama tangu asubuhi hadi jua la alasiri. Na wakati wa kuamia ndege walipokezana zamu. Fedha ya mavuno ya kwanza waliiweka pamoja. Kwa macho yetu hiyo ilikuwa ndoa njema iliyokuwa inajengwa kutoka chini.

Kisha kijana akajiunga na makundi ya simu ambamo wanaume hufundishana namna ya kumtambua mwanamke mlaghai. Tangu siku hizo akaanza kumpima mchumba wake kwa vipimo vya makundi hayo. Binti akiomba fedha ya sabuni, ni dalili kwamba anadanga. Asipoomba, ni dalili kwamba yuko mwanamume mwingine anayempa. Akicheka na mwenye duka, ni malaya. Akinyamaza, ana siri. Akatakiwa kuitoa simu yake ikaguliwe kila jioni. Binti alitueleza baadaye kwamba alijiona anahojiwa na watu asiowajua, kwa kinywa cha mtu anayempenda. Posa ilivunjika. Wazee walikaa vikao vitatu kugombania mahari, na jaruba lile msimu uliofuata lilipaliliwa na mtu mwingine.

Msomaji aweza kusema kwamba uchumba umevunjika tangu zamani, na wivu haukuletwa na simu. Ni kweli. Lakini hebu tulinganishe. Zamani kijana aliyekuwa na shaka juu ya tabia ya mchumba alimwendea mshenga, au shangazi, au mjomba. Hao walikuwa na majina, na walikuwa na sababu ya kusema kweli, kwa maana ndoa ikivunjika kwa uongo wao wangeulizwa. Sauti za kwenye simu hazina cha kupoteza. Ndoa ya kijana wa Chimala ikivunjika, mwenye sauti hapati habari. Pengine hupata faida, kwa sababu mtu mwenye hasira husikiliza tena na tena, na kadiri anavyosikiliza ndivyo kampuni zenye mitandao zinavyozidi kumletea sauti zinazofanana na zile zilizompendeza jana.

Jambo la pili tuliliona katika mdahalo wa shule moja ya sekondari. Mada ilikuwa kama usawa wa kijinsia umezisaidia familia za Tanzania. Hii ni mada nzuri, na upande wa kupinga una hoja za kutosha kwa mtu anayetaka kufikiri. Hata hivyo wasemaji kadhaa wa kiume hawakuleta hoja, walileta majina. Msichana mmoja alipoinuka kuzungumzia kazi za mama nyumbani, sauti kutoka viti vya nyuma ilimwita "singo maza wa kesho". Ukumbi mzima ulicheka. Aliyesema hakujulikana. Msichana aliketi kabla ya kumaliza, na katika mdahalo uliofuata ni wasichana wawili tu walioandikisha majina yao. Hapo tuliona kwamba mwenendo wa simu umekwisha hamia darasani: kusema bila ya kuonekana, kuchekesha badala ya kujibu, na kumshinda mpinzani kwa kumfanya anyamaze.

La tatu ni la uraia. Kabla ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, mwanamke mmoja jirani yetu, mtunza fedha hodari wa kikundi cha kuweka na kukopa, alishawishiwa na majirani agombee uenyekiti wa kitongoji. Haukupita muda, sauti ikaanza kuzunguka katika kundi la simu, ikidai kwamba amefika hapo alipo kwa njia za aibu. Hakuna aliyeuliza juu ya hesabu zake za kikundi, ambazo zilikuwa safi. Yeye mwenyewe aliona vigumu kujibu, kwa kuwa wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kila jibu lingeonekana kuwa ungamo. Akaliondoa jina lake. Kitongoji kilipoteza mtu mwenye uwezo, na aliyekipotezea hajulikani hadi leo.

Mafunzo ya miaka iliyopita

Tusidhani kwamba taifa letu halijawahi kuona mambo ya namna hii. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, kwa shabaha ya kulinda utamaduni dhidi ya sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Shabaha ya kujenga utamaduni wa taifa ilikuwa na watetezi wengi, na magazeti yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Lakini hata kabla ya tarehe ya utekelezaji, makundi ya vijana yaliwasumbua na kuwashambulia wanawake katika mitaa ya Dar es Salaam. Fundisho lake ni kwamba mtu akitaka kumdhalilisha mwanamke, utamaduni ni kisingizio kilicho karibu sana na mkono.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palikuwa na desturi iliyoitwa Mzee Punch. Watu wasiojulikana walibandika ukutani karatasi zenye michoro na maneno ya kejeli. Ilianza kama kejeli ya kuwasema wenye madaraka. Baadaye iligeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wanafunzi wa kike, hasa wale waliowakataa wanaume. Mwezi Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa na kutishwa kwa njia hiyo. Kifo chake kilitikisa taifa. Wanawake wasomi na waandishi wa habari, wakiwamo wa chama cha TAMWA kilichoundwa mwaka 1987, walipaza sauti wakidai kwamba kitendo hicho kisiitwe tena mzaha wa wanafunzi.

Tumetaja mkasa huo kwa sababu Mzee Punch na kundi la simu ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba ukuta wa Mzee Punch ulikuwa Mlimani tu. Msichana alipopanda basi kurudi kwao, ukuta ulibaki nyuma. Ukuta wa leo uko ndani ya mfuko wa kila mtu, nao humfuata msichana mpaka kitandani kwake.

Je, usawa ni jambo la kigeni?

Wenye kueneza matusi haya hupenda kujitetea kwa kusema kwamba usawa wa kijinsia umeletwa na Wazungu, na kwamba wao wanalinda mila za Kiafrika. Dai hili linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa wako watu wema wanaoliamini.

Kwanza, tuyatazame maneno yao wenyewe. Wengi wao husema kwamba mwanamume aliyezinduka "amekunywa kidonge chekundu". Msemo huo hautoki Usangu, wala Unyakyusa, wala Uhehe. Unatoka katika filamu ya Kimarekani iitwayo The Matrix, iliyotolewa mwaka 1999. Miongoni mwa walimu wao wakubwa ni Andrew Tate, mwenye uraia wa Marekani na Uingereza, ambaye akaunti zake zilifungwa na Facebook, Instagram na TikTok mwezi Agosti 2022. Basi anayekataa usawa kwa madai kwamba ni wa kigeni, huku akisema kwa maneno ya Hollywood, ana bidhaa ya kigeni mkononi kuliko yule anayemshutumu.

Pili, tuyatazame maandishi yetu. Mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere aliusifu undugu wa familia ya jadi, lakini hakuficha dosari yake: alikiri kwamba wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao na kupewa nafasi ya chini. Huyo hakuwa mgeni aliyekuja kutukosoa. Alikuwa mzee wa nyumba aliyeitazama nyumba yake kwa macho makavu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na mjadala mkali wa wananchi, ilitamka katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Vijana wanaosema kwamba mwanamke "hula tu" fedha za mwanamume wangefaidika kulisoma shauri hilo, au kusimama saa moja tu jarubani wakati wa kupandikiza.

Hatusemi kwamba mila zetu hazikuwa na ila. Wahenga walisema, "Mke ni nguo, mgomba kupalilia." Kijana wa leo huisikia methali hii akadhani inasema kwamba mke ni gharama. Lakini mwenye mgomba hauchukii kwa sababu unahitaji palizi. Methali inasema juu ya wajibu wa kutunza. Wakati huo huo twaweza kuuliza kwa haki: kwa nini mke afananishwe na kitu kinachotunzwa, naye hutunza siku zote? Huko ndiko kujadili mila, kuichukua mkononi na kuigeuza pande zote. Anayetukana hawezi kuigeuza mila. Huitupa tu kama jiwe.

Malalamiko ya wanaume

Lingekuwa kosa kubwa kumaliza makala hii bila ya kuwasikiliza vijana wa kiume, maana mtu anayepuuzwa ndiye anayetafuta masikio ya mitandaoni. Kijana wa Mbarali asiye na shamba hukodi jaruba, hukopa mbolea, na wakati wa mavuno huuza kwa gunia la lumbesa kwa bei ya mchuuzi. Juu ya hayo hudaiwa mahari ambayo pengine huzidi mapato ya misimu kadhaa. Akiwa hana kitu, huona kwamba hahesabiwi kuwa mwanamume. Hofu yake ni ya kweli, na aibu yake ni ya kweli.

Lakini ni nani aliyeipanga bei ya mpunga? Ni nani aliyejaza lumbesa? Ni nani anayetaja kiasi cha mahari? Mara nyingi hao ni wanaume wenzake, na binti hukaa chumbani akisubiri kuambiwa ameposwa kwa kiasi gani. Ndiyo maana tunasema kwamba matusi haya humdhulumu hata yule anayeyatamka. Yanaichukua hasira yake ya haki na kuigeuzia kwa mtu mnyonge aliye karibu. Hata wanaponung'unika kwamba wanawake wanapendelewa katika mikopo ya halmashauri, husahau kwamba katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake wametengewa 4, vijana 4, na watu wenye ulemavu 2. Kijana aliyetumia mwaka mzima kukataa ndoa kwenye simu angeweza kuunda kikundi na kuomba fungu lake.

Wajibu wetu

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliufanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu. Madawati ya Jinsia na Watoto yako katika vituo vya polisi. Kila mwanafunzi, wa kike na wa kiume, yapasa ayajue hayo. Lakini sheria hufika baada ya jeraha. Kabla ya sheria kuna malezi, na hapo ndipo mahali pa mwalimu.

Tunapendekeza mambo matatu, ambayo baadhi yetu tumekwisha kuyajaribu. La kwanza ni kanuni ya mdahalo: hakuna asemaye bila ya kusimama na kutaja jina lake, na hakuna apingaye kabla ya kuirudia hoja ya mpinzani wake kwa namna ambayo mpinzani mwenyewe ataikubali. Mara ya kwanza wanafunzi hulalamika kwamba kanuni hiyo inaua kicheko. Mara ya tatu huanza kuzisikia hoja. La pili ni kufundisha utani kama somo, pamoja na masharti yake yote, ili mwanafunzi anapoambiwa "ni utani tu" ajue kuuliza: Mwenyewe ni nani? Naweza kumjibu? Siku ya msiba wangu atakuja? La tatu ni kuwarudishia vijana watu wa kuwauliza juu ya mapenzi na ndoa. Shangazi na mjomba wako mbali, mshenga ana haraka, na walimu tunaona haya. Basi kijana huuliza simu. Hatuwezi kuilaumu simu kwa kujibu mahali ambapo sisi tumenyamaza.

Usawa wa mwanamke na mwanamume utaendelea kujadiliwa katika nchi hii, na ni vema ujadiliwe. Wako watakaotaka mabadiliko ya haraka, na wako watakaotaka twende polepole. Wote ni raia, na wote wana haki ya kusikilizwa. Lakini mjadala ni kazi ya watu wenye nyuso na majina. Mwenye neno juu ya wanawake wa Chimala na alilete hadharani, alitamke akiwatazama, na akae asikilize jibu lao.